Nani atakaa na askari siku nzima?

Tangu vijana wa ukoo wetu waanze kutumiana video za wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaosimulia jinsi dawa za saikedeliki, yaani zile zinazobadilisha hisia na utambuzi na nyingine kuleta maruweruwe, zilivyowatua mzigo wa kiwewe cha vita, nimeulizwa mara nyingi iwapo tiba hiyo itafika Dar es Salaam, na lini. Wanaouliza kwa shauku zaidi ni wale wenye mzee aliyepigana Kagera. Mimi naona swali hilo linaanzia pasipo pake, kwa sababu kidonge ndicho sehemu nyepesi kuliko zote ya tiba yenyewe.

Tuichukue MDMA, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwa ugonjwa huu wa kiwewe, uitwao kwa Kiingereza PTSD. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1912 katika kampuni ya Merck, ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1985, na mitaani huuzwa kwa jina la ekstasi, ingawa anayenunua kidonge cha mtaani hana njia ya kujua amemeza nini. Kwa muda wa saa chache dawa hii hupunguza hofu na kumfanya mtu awaamini walio karibu naye, hata aweze kulitazama tukio ambalo kwa miaka mingi amekuwa akilikimbia. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 90 ambao hawakuwa wanajeshi peke yao, asilimia 67 ya waliopewa MDMA hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 32 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Jaribio la pili, la mwaka 2023, lilitoa asilimia 71 dhidi ya 48.

Ninaomba msomaji aitazame hiyo 48, maana takriban nusu ya watu ambao hawakumeza dawa yoyote nao walipata nafuu kubwa kiasi hicho. Hawakuachwa bure: walipata mazungumzo yaleyale waliyopata wenzao. Utaratibu wa majaribio hayo ulikuwa na vikao vitatu vya maandalizi, vikao vitatu vya dawa vilivyochukua takriban saa 8 kila kimoja, na vikao tisa vya kuyachambua yaliyojitokeza, na katika hivyo vyote mgonjwa mmoja alihudumiwa na wataalamu wawili. Ukijumlisha unapata zaidi ya saa 40 kwa mtu mmoja, na video hizo hazisemi lolote kuhusu saa hizo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuidhinisha tiba hii Agosti 2024, baada ya kamati ya washauri wake kupiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi wa ufanisi hautoshi. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba washiriki wengi walitambua wenyewe kama wamepewa dawa au la, hivyo matarajio yao yangeweza kuyapaka rangi matokeo. Kulikuwa pia na suala la mshiriki aliyetendewa isivyostahili na wahudumu wake katika jaribio la awali nchini Kanada, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu zote, kwa kuwa mtu aliyelegezwa na dawa kiasi hicho yumo mikononi mwa aliyeketi kando yake. Australia ilichukua njia nyingine, na tangu Julai 2023 madaktari wa magonjwa ya akili wenye kibali maalumu wanaweza kuiandika.

Kwetu hapa sheria ni kizuizi, lakini si ukuta usiopitika, kwani methadoni, dawa inayodhibitiwa ya kuwatibu waraibu wa heroini, imekuwa ikitolewa Muhimbili chini ya uangalizi tangu mwaka 2011. Miili ya wazee wetu ni kizuizi kikubwa zaidi. MDMA hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na wapiganaji wa Kagera sasa wana miaka karibu sabini na kuendelea, wengi wao wakimeza dawa za presha kila asubuhi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na ugonjwa huu uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa hiyo askari wetu walipigana vita hiyo kabla hata hali yao haijapewa nafasi rasmi katika vitabu hivyo. Baba yangu mdogo, ambaye mpaka leo hakubali kukaa ameupa mlango mgongo, sisi tulisema tu kwamba ana ukali wa kijeshi. Baada yao wamekuja vijana wetu waliotumwa kulinda amani Darfur na Kongo, ambako walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki Desemba 2017, na walionusurika wangali na umri wa kufanya kazi na kulea.

Hawa hawahitaji kusubiri Washington. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na Mbarara ambayo majeshi yetu yaliiteka Februari 1979, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya saikolojia, kumsaidia mgonjwa asimulie maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, akiyapitia matukio ya kutisha moja baada ya jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya vikao sita tu, asilimia 70 ya Wanyarwanda na Wasomali waliopitia usimulizi huo hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya 37 ya waliofuatiliwa bila tiba. Si halali kuzilinganisha namba hizi moja kwa moja na zile za MDMA, kwa kuwa wagonjwa na vipimo vilikuwa tofauti, lakini gharama zake tunaweza kuzilinganisha bila wasiwasi.

Wauguzi wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii wangeweza kufundishwa usimulizi huo, na ningependa wastaafu wa jeshi wenyewe wawe wa kwanza. Nilipomweleza baba mdogo habari za Nakivale, aliniambia, "Mwanangu, mimi nitasema, ila kwa mtu aliyewahi kulala handakini."