Palaia Epidavros: nilivyopanga asubuhi mbili za bahari na magofu

Jina ndilo linalopoteza watu kwanza. Mkoa wa Argolida, Ugiriki, una Epidavros tatu: Palaia Epidavros, kijiji cha wavuvi chenye bandari ndogo, Nea Epidavros, kijiji kingine upande wa kaskazini, na magofu ya hekalu la Asklepios, mungu wa uganga, yaliyoko bara karibu na Lygourio. Ukisema "Epidavros" tu kwenye dirisha la tiketi za basi, unaweza kushushwa magofuni, kama kilomita 15 kutoka ulikolipia chumba. Nililiandika jina kwa herufi za Kigiriki, Παλαιά Επίδαυρος, nikamwonyesha karani kituo cha Kifissos, Athens. Kwenye vibao vingine utaona Archaia Epidavros; ni kijiji kile kile. Mabasi ya moja kwa moja ni machache, kwa hiyo uliza la kurudi kabla hujapanda la kwenda.

Nililala usiku mbili kwa sababu bahari na magofu vyote vinataka asubuhi. Asubuhi ya kwanza niliipa bahari, ili upepo ukichafua nibadilishane na ya pili.

Kinachofuatwa ni "mji uliozama", ingawa kwa kweli ni mabaki ya jumba la Kirumi la karne ya 2 BK. Kutoka bandarini elekea kusini kwa miguu, kupitia mashamba ya machungwa, mwendo wa kama nusu saa. Kuta ziko mita 40 hadi 50 hivi kutoka ufukweni, kwenye kina cha takriban mita 2, kwa hiyo hazihitaji mtungi wa hewa. Miwani ya kuzamia na mrija vinatosha. Sisi watu wa pwani tungeuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Huku kupwa na kujaa ni kidogo mno, huna haja ya kuyahesabu maji. Hesabu upepo. Nilikuwa majini saa mbili asubuhi, bahari imetulia kama mafuta. Kufika mchana mawimbi madogo yalikuwa yameshavuruga mchanga na kuta zikawa vivuli tu.

Ukielea juu yake usitafute nguzo. Tafuta mistari iliyonyooka kwenye mwani: hizo ndizo kuta. Kisha angalia duara. Ni mitungi mikubwa ya udongo ya kuhifadhia chakula, imekaa mchangani, midomo yake imevunjika, vidagaa wanaingia na kutoka. Usisimame juu ya kuta: zinameguka, na kwenye mawe kuna viumbe wa baharini wenye miiba mieusi, kwa hiyo viatu vya majini ni lazima. Kuokota hata kigae ni kosa la jinai.

Jioni, jua likipungua, kuna ukumbi mdogo wa tamthilia wa karne ya 4 KK, hapo hapo kijijini. Wengi huuruka. Mimi nauona bora kwa utulivu, na kwenye viti vya mawe bado yanasomeka majina yaliyochongwa.

Asubuhi ya pili nilichukua teksi hadi magofuni, bei tumepatana kabla ya kuondoka, pamoja na ya kurudi. Kiangazi geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda ukumbi mkubwa wa tamthilia kwanza, kabla mabasi ya watalii hayajafika, maana watu wakijaa huwezi kusikia kitu. Una safu 55: 34 za mwanzo, na 21 zilizoongezwa baadaye. Mmoja asimame katikati aangushe sarafu, mwingine akae safu ya juu kabisa asikilize. Ukienda kwa onyesho la usiku, vaa viatu bapa. Visigino virefu haviruhusiwi kwa sababu vinaharibu mawe.

Chakula cha bandarini ni kizuri, ila samaki mzima bei yake huandikwa kwa kilo, si kwa sahani. Chagua mwenyewe, apimwe mbele yako, uambiwe jumla kabla hajaenda jikoni. Ukiona κατ. pembeni ya jina la samaki kwenye menyu, huyo ametoka kwenye friza. Mimi nilikula dagaa wa kukaanga na pweza wa kuchoma.