Nilivyochagua wavu wa ngiri, na ushauri niliokataa

Aliyeniudhi kuliko wote ni jamaa wa pale sokoni Tandale. Aliniapia kwamba wavu wa kawaida, ule madaktari wanaouweka mwilini kuziba tundu la ngiri (hernia), utaniozea, nitafute ule wenye utando upande mmoja, hata kama ni milioni na ushee. Ngiri yangu ilikuwa ya kinena na daktari alishapanga kunipasua kwa mbele. Nikamuuliza, "Daktari, huo utando kazi yake nini?" Akasema unazuia utumbo usishikamane na wavu unapowekwa ndani ya tumbo. Kwa huko kupasua kwa mbele, yaani njia ya Lichtenstein, wavu hukaa kati ya tabaka za misuli, utumbo haufiki hapo. Yaani ningelipia kinga ya hatari nisiyokuwa nayo!

Mwingine akasema chukua unaoyeyuka wote, usibaki na kitu mwilini. Huo ndio ushauri mbaya zaidi. Ukishayeyuka, ngiri inashikiliwa na nini?

Mjomba wangu yeye alikataa wavu wa polipropilini kwa sababu ndiyo plastiki ya viroba vya salfeti. Ni kweli. Lakini mimi nauza mahindi, viroba navijua: kinachovimaliza ni jua, na kinenani hakuna jua. Mjomba alinyamaza.

Sasa nilichofanya, na ninajivunia. Nilimwomba daktari kipande kinachobaki wakati wa kukata wavu wa mgonjwa mwingine, kisichotumika tena na ambacho hakijamgusa mtu. Alinitazama, akacheka, akanipa. Nilikishika dirishani nikaona mwanga ukipita kwenye vitundu, nikaweka rula: zaidi ya milimita moja. Nikakivuta urefu, nikakivuta upana, nikakikunja. Kilikuwa laini, chepesi. Akanieleza kwamba nyama mpya hupenya kwenye vitundu hivyo na kuushika wavu, na vikiwa vikubwa kovu haliwi gumu kama ubao. Uzi wake ni mmoja mmoja, haujasokotwa, hivyo bakteria hawapati pa kujificha. Hapo nikaamua: polipropilini nyepesi, vitundu vikubwa. Bei ilikuwa laki na kitu tu, mbali kabisa na ile milioni.

Na mwenye uwezo mdogo asikate tamaa. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa, wengine wakawekewa wavu wa upasuaji wa dukani, wengine wavu wa chandarua uliosafishwa kwa mvuke hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, upande wa chandarua. Ila msiende na chandarua cha nyumbani chenye dawa ya mbu! Huo ulikuwa wavu usio na dawa, na ulioandaliwa na wataalamu.

Siku ya upasuaji nilichomwa ganzi ya mgongo. Ombeni lebo iliyo kwenye pakiti ya wavu ibandikwe kwenye faili lenu, nanyi mbaki na nakala. Yangu iko kwenye bahasha ya vyeti.