Kujiandaa kwa Mtihani wa Idhini ya Usalama kwenye Njia za Umeme

Katika kujiandaa kwa mtihani wa idhini ya usalama kwa wakandarasi wa njia za umeme, muda mwingi nautumia kwenye hatua ya kuhakikisha kwamba laini iliyozimwa na kufungwa kwa kufuli haina umeme kweli. Kifaa cha kupima umeme (kipimo) hujaribiwa kwanza kwenye chanzo chenye umeme, kisha hupimwa laini, halafu kipimo hujaribiwa tena, kwa sababu kikiharibika katikati kitaonyesha kwamba waya ni salama ilhali una umeme. Hata hivyo, jenereta ya mteja yaweza kurudisha umeme kwenye laini hiyo. Ndiyo maana laini huunganishwa pia na ardhi kwa waya wa kutuliza, unaopeleka umeme huo ardhini; waya huo hufungwa kwanza upande wa ardhini, na upande huo ndio unaofunguliwa mwisho. Masuala ya fomu nayapitia haraka. Hatua hizi za kupima na kutuliza nazirudia kila siku.