Nilivyoondoa mapazia Tabata

Nianze na vioo, maana vilinitesa kuliko kitu kingine chochote katika ujenzi huu. Tulipohamia Tabata, Dar es Salaam, nyumba ilikuwa nusu: sebule, chumba kimoja na choo, huku msingi wa nyuma umeota majani. Kila niliyemuuliza, kuanzia fundi wa alumini hadi shemeji yangu, alinipa jibu lile lile: weka dirisha kubwa mbele, tia vioo vya kung'aa, utawaona walio nje nao hawatakuona. Nikatoa kama milioni mbili na nusu. Mchana kweli nilifurahi. Vijana wa bodaboda walisimama kujitazama nywele kwenye dirisha langu, nami nimekaa ndani na kanga moja, hawana habari.

Wiki ya pili jirani wa ghorofani, mama mtu mzima, akanivuta pembeni. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Usiku mkiwasha taa tunawaona mpaka mnachokula. Jana mlikula dagaa."

Niliona aibu hadi miguu ikaniisha nguvu. Usiku huo nikamtuma baba watoto asimame barabarani, mimi nikakaa kwenye kochi nikiinua vidole, yeye akivihesabu kwa simu. "Vitatu. Sasa vinne. Sasa unafuta machozi, mama watoto, rudi ndani chumbani."

Kumbe kioo kile hakina upande wa siri. Humficha aliye gizani na kumwonyesha aliye kwenye mwanga. Mchana mwanga uko nje, usiku umehamia ndani. Waliokiuza wanalijua hilo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Hasira yake bado ninayo.

Tukatundika mapazia mazito. Januari ikafika, feni ikawa inazungusha joto tu.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu anayeishi Mji Mkongwe, Unguja. Nilikwenda kumsalimia kipindi cha joto kali, nikakuta milango ya ndani yote wazi, hakuna pazia, na bado mpita njia haoni kitu. Nje kuna baraza, mgeni wa dakika tano anaishia hapo. Ukiingia mlangoni unakutana na ukuta, unakata kona, ndipo unapofika kwenye ua uliozungukwa na vyumba. Mwanga na upepo vinashuka kutoka juu. "Mlango ukifunguliwa," aliniambia, "mtu aone ukuta, asione kitanda." Miaka yote nimepita kwenye korido ile nikidhani ilijengwa vibaya!

Nikarudi na kubadilisha ramani. Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 20, hivyo ua wa mita 5 kwa 4 unatosha kabisa, usikubali kuambiwa unapoteza nafasi. Vyumba vipya vikaufuata ua kwa umbo la L. Dirisha la mbele nikaliziba mpaka mita 1.8 kutoka sakafuni, likabaki ufa mrefu chini ya dari unaoleta anga peke yake. Vioo vile vile vikahamia upande wa ua.

Akabaki mama wa ghorofani, maana yeye anatazama kutoka juu. Fundi alitaka kupandisha ukuta hadi mita 4, ua uwe kisima. Nikakataa, nikanunua kamba ya ujenzi. Nilimwomba jirani ruhusa, akaishika mwenyewe kwenye varanda yake, usawa wa macho. Tukaipitisha juu kabisa ya ukuta wetu wa mita 2.4, tukaivuta ikiwa imenyooka hadi ilipogusa ardhi upande wetu. Chochote kilicho chini ya kamba hakionekani. Nikatembea nikipiga chokaa: aliyesimama anafichika hadi kama mita mbili kutoka ukutani, aliyekaa hadi mita tatu na kidogo. Ndani ya mistari hiyo nikaweka jiko la mkaa, karo la kuoshea vyombo na baraza la saruji. Sehemu inayoonekana nikapanda mlimau na mpapai. Kazi ya asubuhi moja, na kamba ilikuwa shilingi elfu chache.

Upande wa kusini nilijenga kwa matofali ya matundu, lakini kuanzia usawa wa juu ya kichwa tu, pamoja na mstari mmoja chini kabisa wenye wavu wa kuzuia panya. Upepo wa kusi ukianza, kuanzia Aprili hivi, unaingia kwenye matundu hayo na kutokea juu ya ua, na vyumba vyote viwili vinapoa. Walioniambia ua utajaa maji masika walikuwa na haki ya kuogopa, ila bomba la inchi 4 na sakafu yenye mteremko vimemaliza suala hilo. Zege la sakafu hiyo limwagwe kabla ya kuta za ndani, si baada. Sisi tulibomoa ngazi moja kwa kusahau.

Jumla yake sikuiandika vizuri, ila mabadiliko hayakufika nusu ya nilichotumia kwenye sebule ya mwanzo.

Sasa hivi ni saa mbili usiku, milango yote ya ua iko wazi na taa zinawaka. Mapazia nimeyakata, nimeshonea mito ya baraza.