Milimita 45 za aota, na yale ambayo namba hiyo haisemi

Nimeshinda leo nikiiwaza namba moja, 45: kipenyo cha mzizi wa aota, yaani mwanzo wa mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Ripoti ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikirudi imeandikwa "mzizi wa aota, milimita 45", mwenye Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, huwa na swali moja tu: utachanika lini? Kipenyo peke yake hakiwezi kumjibu.

Sababu ya kuanza na kipenyo inaeleweka. Mvuto unaounyoosha ukuta wa mshipa ni shinikizo la damu mara nusukipenyo, ukigawa kwa unene wa ukuta. Aota ikitanuka, nusukipenyo inaongezeka na ukuta unakuwa mwembamba, hivyo mvuto unapanda kwa njia mbili kwa mpigo. Siku utando wa ndani ukipata mpasuko, damu inajichimbia njia katikati ya tabaka za ukuta. Hapo ndipo aota imechanika, na ikiwa ni sehemu ya juu inayotoka kwenye moyo, kila saa inayopita bila upasuaji inaongeza vifo. Ndiyo maana mtu mzima mwenye Marfan hupelekwa kwa mpasuaji mzizi ukifika milimita 50, na kwenye 45 akiwa na vihatarishi vingine. Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Ripoti ya mwaka 1999 iliyohusu wagonjwa 675 wa Marfan waliobadilishiwa mzizi wa aota ilionyesha kuwa waliofariki ndani ya siku 30 ni asilimia 1.5 kwa upasuaji uliopangwa, na asilimia 11.7 kwa ule wa dharura.

Lakini uchambuzi wa 2007 wa IRAD, daftari la kimataifa la waliochanika aota, ulikuta kwamba karibu asilimia 60 ya waliochanika sehemu ya juu walikuwa chini ya milimita 55, na asilimia 40 walikuwa chini ya 50. Hao ni wagonjwa wa kila aina, wengi wao hawana Marfan. Tena wenye aota ndogo ni wengi kuliko wenye kubwa, kwa hiyo hatari ya kila mmoja wao bado ni ndogo. Hata hivyo, anayedhani chini ya 50 ni salama kabisa anajidanganya.

Kabla ya kubishana kuhusu namba, nauliza kwanza imepimwaje. Hapa ndipo makosa mengi yalipo. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, proba, kile kifaa cha kupigia picha, inawekwa kando ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, na picha inatafutwa ambayo mdomo wa vali, vifuko vya Valsalva (sehemu za mzizi zilizotuna juu tu ya vali) na mwanzo wa aota ipandayo vyote vinaonekana kwa urefu. Mstari ambapo vijani vya vali hukutana unatakiwa uwe katikati ya mshipa. Ukiwa umeegemea pembeni, ujue mshipa umekatwa kando, na kipenyo cha kweli hakipo kwenye picha hiyo. Kipimo kinachukuliwa kwenye vifuko, pale penye upana mkubwa zaidi, kwa pembe mraba na mhimili wa aota. Ukikipima kwa mshazari, milimita 41 zinageuka 44 papo hapo. Wenye Marfan wana tatizo la ziada: kifua kilichobonyea ndani au uti wa mgongo uliopinda huficha dirisha la kawaida, na mpimaji aliyechoka anaridhika na picha aliyoipata. Suluhisho ni kusogeza proba nafasi moja juu kati ya mbavu na kujaribu tena, na ikishindikana kabisa, kuandika wazi kwamba picha ni mbovu.

Kisha kuna suala la kingo. Kwa watu wazima eko hupima kutoka ukingo wa mbele wa ukuta mmoja hadi ukingo wa mbele wa ukuta wa pili, moyo ukiwa umelegea. Kwa watoto maabara nyingi hupima ndani kwa ndani, moyo ukiwa umekaza. Skani ya CT na MRI nazo zina desturi zao: wengine hupima kutoka kifuko hadi kifuko, wengine kutoka kifuko hadi kwenye pembe ambapo vijani viwili hukutana, na majibu hayafanani. Badilisha desturi tu, utapata tofauti ya milimita 2 au 3 bila aota kusogea hata kidogo. CT isiyofungamanishwa na umeme wa moyo ina kasoro yake pia, kwani mzizi unaruka na kila pigo, na ukungu wake unaweza kufanana na mpasuko. Kwa hiyo mtu anapoambiwa "imekua kutoka 43 hadi 46", jambo la kwanza ni kuzifungua picha zote mbili upande kwa upande na kuzipima upya kwa mkono mmoja, kwa desturi moja. Ripoti mbili za maandishi hazitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu.

Kipimo kikithibitika, kinalinganishwa na mwili. Njia iliyozoeleka ni alama ya Z, inayoonyesha umbali wa mtu kutoka wastani wa watu wa eneo la mwili kama lake. Vigezo vya Ghent, vinavyotumika kutambua Marfan na vilivyorekebishwa mwaka 2010, vinahesabu Z ya 2 au zaidi kuwa mtanuko kwa mwenye miaka 20 na kuendelea, na 3 kwa walio chini ya hapo endapo kuna historia ya Marfan katika familia. Kwa mtoto Z ndiyo yenye maana, kwa kuwa aota yake inakua naye. Kwa mtu mzima naiangalia kwa tahadhari. Eneo la mwili linatokana na urefu na uzito, hivyo mtu mwembamba sana anapewa Z kubwa kuliko anavyostahili, na akinenepa kilo 15 Z yake inashuka ilhali aota iko vilevile. Urefu haunenepi wala haukondi. Ndiyo maana napenda kipimo cha eneo la aota kwa urefu: chukua nusukipenyo kwa sentimita, zidisha kwa yenyewe na kwa 3.14, kisha gawa kwa urefu wa mtu kwa mita. Ikifika 10, hoja ya upasuaji inakuwa nzito. Mwanamke wa mita 1.58 mwenye milimita 45 anapata 10.1. Mwanamume wa mita 1.95 mwenye milimita hizohizo 45 anapata 8.2.

Baada ya hapo, jeni. Marfan inatokana na FBN1, jeni la protini ya fibrilini lililopo kromosomu ya 15 na kutambuliwa mwaka 1991. Hata ndani ya FBN1 mabadiliko hayalingani: yale yanayopunguza kiasi cha fibrilini yameonekana kuleta matatizo mengi zaidi ya aota kuliko yale yanayozalisha fibrilini yenye kasoro, na yaliyo kati ya eksoni (vipande vya jeni) ya 24 na 32 yanabeba sura kali ya Marfan ya watoto wachanga. Loeys-Dietz, ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana na Marfan na unaotokana na jeni kama TGFBR1, TGFBR2 na SMAD3, ina haraka zaidi. Mishipa yake inajipinda mwili mzima, kwa hiyo skani ya kwanza inatakiwa ianzie kichwani hadi nyonga, na upasuaji mara nyingi hufikiriwa kwenye 45, wakati mwingine hata 40. Ehlers-Danlos ni kundi jingine la magonjwa ya tishu; ile ya mishipa, ya jeni COL3A1, inavuruga hesabu yote, kwa sababu mshipa unaweza kupasuka bila kutanuka kwanza. Huko, kungoja kipenyo kikue ni kungoja dalili ambayo huenda isije. Ehlers-Danlos ya viungo kulegea, ambayo ndiyo ya kawaida, kwa wengi haiigusi aota kivile. Nawaonea huruma wanaosoma jina moja na kuogopa yote.

Vipimo vya jeni ni ghali na haviko kila mahali, hivyo macho na futi ya kupimia bado vina kazi. Ila vigezo havilingani kwa watu wote. Uwiano wa nusu ya juu ya mwili kwa nusu ya chini unahesabiwa kuwa mdogo ukiwa chini ya 0.85 kwa watu wazima Wazungu, lakini kwa watu weusi ni chini ya 0.78. Anayetumia 0.85 Afrika Mashariki atawapa Marfan watu wenye afya kabisa walio na miguu mirefu ya kuzaliwa. Na jambo moja sijaliona likisemwa vya kutosha: kimeo kilichogawanyika mara mbili ni dalili nzuri ya Loeys-Dietz, lakini kwetu watoto wengi wamekatwa kimeo na waganga wa jadi. Ukifungua mdomo usikute kimeo, usiandike "kawaida". Uliza.

Vihatarishi viwili vina uzito kuliko vingine vyote mezani: kasi na familia. Aota ya mtu mzima asiye na ugonjwa hutanuka karibu milimita 1 kwa miaka 10. Ikiongezeka milimita 3 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, kwa vipimo vinavyolinganika, hapo hapana mjadala. Kwa hiyo eko ya pili hufanywa miezi 6 baada ya ya kwanza ili kuijua kasi, kisha kila mwaka, na kila miezi 6 ikifika 45 au ikionekana inakimbia. Kuhusu familia, ndugu aliyechanika aota akiwa na kipenyo kidogo anabadilisha kikomo cha wote. Flo Hyman, mchezaji wa voliboli wa Marekani aliyekuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984, alianguka na kufa katikati ya mechi nchini Japani Januari 1986, akiwa na miaka 31. Hakuna aliyekuwa amegundua Marfan yake. Baada ya hapo kaka yake alipimwa, akakutwa nayo, akapasuliwa aota mapema.

Dawa hupunguza mwendo, hazirudishi ukuta. Beta-bloka na dawa za kundi la losartani, ambazo hutumika pia kwa shinikizo la damu, zote zinafaa. Uchambuzi wa 2022 uliounganisha majaribio mbalimbali ulionyesha kundi la losartani linapunguza kasi ya mtanuko kwa karibu nusu. Mwanamke anayetaka kushika mimba lazima aiache losartani kwanza, maana inamdhuru mtoto tumboni. Beta-bloka inaendelea, na ikiwa mzizi umepita 45 ushauri ni kupasuliwa kabla ya mimba. Kisha kuna siprofloksasini, antibayotiki inayonunuliwa duka la dawa bila cheti kwa kila tumbo linalouma. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya aota kuchanika, na iliwataja wenye Marfan na Ehlers-Danlos kwa majina. Kuna antibayotiki nyingine. Mwenye ugonjwa huu amwambie muuzaji kabla hajalipa.

Mzizi ukishabadilishwa, wengi hupumua na kuacha kliniki. Sehemu iliyobaki ya aota, kuanzia kwenye upinde hadi tumboni, bado ina tishu ileile, na inaweza kuchanika hata ikiwa haijatanuka sana. Eko ya kifuani haiioni vizuri. Panahitajika CT au MRI ya aota nzima baada ya upasuaji, na nyingine kwa vipindi anavyopanga daktari, hata mtu akijisikia mzima kiasi gani.