Hujashindwa, mama

Jana usiku binti yangu alinipigia kutoka Shule ya Sheria. Ana mtihani. "Baba, rufaa kuondolewa na rufaa kutupwa, tofauti yake hasa ni nini? Sitaki ya vitabuni." Nikampa ya vitabuni, kisha nikakaa sebuleni mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa 2014, kikao cha Mahakama ya Rufani, Arusha, jakaranda zimechanua mji mzima. Nilisimama upande wa bima, kama kawaida yangu. Basi lilipasuka tairi pale Kwa Sadala, likaacha barabara, likamkuta mama mmoja na meza yake ya ndizi. Mahakama Kuu Moshi ilikubali kwamba ile ni ajali tu, haina mwenyewe. Mama akakata rufaa, na mimi, kusema kweli, nikaogopa. Kwenye picha za polisi tairi lile lilikuwa kipara.

Ndipo nikaona tarehe. Hukumu ilisomwa tarehe 17, dikrii, ile hati ya amri inayotolewa kutokana na hukumu, imeandikwa tarehe 24. Enzi hizo, kabla ya marekebisho ya 2018 yaliyowataka majaji wasiegemee mno ufundi wa kisheria, dikrii yenye tarehe tofauti na ya hukumu haikuwa dikrii, na bila dikrii kumbukumbu za rufaa ni karatasi tu. Nikaweka pingamizi la awali. Majaji watatu wakaiondoa rufaa kabla ya saa nne. Tairi halikutajwa hata mara moja.

Nje, wakili wake alishapotea na simu sikioni. Mama alikuwa ameegemea ukuta, kitenge cha kijani, gongo kwapani. Chini ya gongo amefunga kipande cha mpira wa tairi kwa waya, lisiteleze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyesema sana mle ndani, na mimi nimesikia Kiingereza tu. Nimeshindwa?"

"Hujashindwa, mama."

"Kumbe nimeshinda?"

"Hapana. Rufaa imeondolewa, haijatupwa. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ukaileta tena."

"Imeondolewa kwa nini?"

Nikamweleza habari ya tarehe. Alisikiliza kwa makini, kuliko hata jaji wa kushoto.

"Hiyo tarehe niliandika mimi?"

"Hapana, mama."

"Uliandika wewe?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakukiulizia. "Haya. Asante, umenisaidia." Kisha akauliza Hiace za Moshi siku hizi zinapakilia wapi.

Nikamwelekeza. Nami nilikuwa narudi Moshi, peke yangu garini, kilomita kama 80. Wakili hatakiwi kuzungumza kesi na mteja wa mwenzake, na nilikuwa nimeshazungumza vya kutosha. Nilijiambia ni maadili ya kazi. Pale Usa River Hiace ikanipita kwa kasi, sikutazama madirishani.

Kama alirudi mahakamani, sijui. Bima walilipa ankara yangu mwezi uleule, hawakunipigia tena kuhusu mama yule, nami sikuuliza.

Binti anasema akiapishwa atakuja kufanya kazi kwangu, hizihizi za bima. Nimemwambia zinalipa.