Vile nilituliza fujo ya makompaila kwenye klasta yetu

Klasta ya maabara yetu hapa Nairobi, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye hesabu pamoja, si kubwa hivyo, lakini wanaoigombania ni watu wa kila aina. Kuna wa hali ya hewa na WRF yao (programu ya utabiri), kuna wa jenomu ambao bila conda, ile ya kusakinisha programu, hawaishi, kuna mainjinia wa OpenFOAM, ile ya kuiga mtiririko wa maji na hewa, na kila mmoja anataka kompaila yake, ile inayogeuza kodi iwe programu ya kukimbia, na chini ya wote ni CentOS 7, Linux ya mfumo, iliyokuja na kompaila ya GCC 4.8.5, kitu ya 2015.

Lalamiko likawa ni lile lile tu: GLIBCXX_3.4.20 not found. Sababu ni kwamba libstdc++, laibrari ya C++, ya hiyo GCC 4.8 inaishia toleo 3.4.19, sasa programu iliyojengwa na kompaila mpya haiwezi amka hapo. Watu wakajitafutia dawa. Mmoja anakopi libstdc++ kwa folda yake, anaandika LD_LIBRARY_PATH (pa kutafuta laibrari) ndani ya .bashrc, faili inayosomwa kila ukiingia, anamgawia rafiki hiyo .bashrc, na ikaenea kama homa hadi unapata mtu git imemkatalia na hajui ni kwa nini. Daktari wetu wa hali ya hewa akanipigia wakati wa mvua ndefu, ile Machi hadi Mei ambayo huwa hana mchezo nayo, "Kijana wangu, jana WRF ilikimbia vizuri, leo inakufa kabla ianze, umegusa nini?" Nikamwambia Daktari sijagusa kitu, wacha niangalie. Kumbe Slurm, ile inayopanga kazi za watu kwa klasta, usipoiambia vingine, hubeba mazingira yote ya terminal yako na kuyapeleka kwa jobu, yaani kazi uliyotuma, na siku hiyo terminal yake ilikuwa na vitu vingine kabisa.

Kuna walionisukuma nibadilishe tu GCC ya mfumo. Nilikataa na bado ningekataa, juu kerneli yenyewe, kiini cha Linux, imejengwa na hiyo, na draiva ukiongeza unataka ilingane nayo. Hiyo unaiacha ilale, unajenga zingine kando.

Nikachukua Spack, ya kujenga programu kutoka kodi, nikaiweka kwa diski ambayo nodi zote (kompyuta za klasta) zinaiona. Uzuri wake kila kitu kinakaa folda yake, na njia ya laibrari inaandikwa ndani ya programu yenyewe kwa rpath, so LD_LIBRARY_PATH haina kazi tena. Na stima ikipotea ukiwa katikati, vile vilivyokamilika vinabaki, unaendelea na kilichokatika. Lakini iko na mtego: bila kuambiwa, inajengea prosesa ya mashine uliyokaa. Logini nodi yetu, ile ya kuingilia, ni mpya, iko na AVX-512 (amri za prosesa mpya), nodi za kazi ni za Haswell, prosesa za zamani, hazina, kwa hivyo ukijenga kizembe jobu inaanguka na Illegal instruction na utatafuta mdudu kwa kodi ya watu bure. Nikafunga target, prosesa ya kujengewa, iwe haswell kwa kila kitu, hata kama logini nodi inapoteza kasi kidogo, kwani nani anafanyia hesabu huko?

Juu ya Spack nikaweka Lmod, ya kupakia na kutoa programu kama moduli, na hapa ndo kazi ilikuwa. Nilipanga moduli kwa ngazi. Ukiingia huoni netCDF (laibrari ya faili za data) wala OpenMPI (ya kufanya nodi nyingi zishirikiane), unaona makompaila tu. Unapakia GCC, ndo OpenMPI iliyojengwa na hiyo GCC inatokea, unapakia hiyo, ndo netCDF ya MPI inatokea. Ukibadilisha kompaila, Lmod inabadilisha zingine zote yenyewe, na ile isiyo na mwenzake inazimwa. Wengine walinung'unika eti vitu vimepotea, nikawafundisha module spider, inakuonyesha kila kitu na njia ya kukifikia. Kwa watu wa Fortran, lugha ya WRF, hii ni lazima sana, juu faili za .mod za gfortran, kompaila ya Fortran ya GCC, haziwezi somwa na kompaila ya Intel, na kuchanganya ndo kulikuwa kunamaliza WRF.

Wa conda niliwaacha na conda yao, ila nikawatolea conda init (inayoamsha conda kila ukiingia) kwa .bashrc, na mazingira yao ya conda yakahamia skrachi, diski ya kazi za muda, maana yale mafaili madogo madogo yalikuwa yanamaliza kota (kiasi wanachoruhusiwa) ya home.

Sheria nikaweka moja tu: kila skripti ya sbatch, ile ya kutuma jobu, inaanza na module purge, inayotoa moduli zote, halafu module load na namba ya toleo imeandikwa, si jina tupu. Daktari alibadilisha zake zote wikendi moja, wanafunzi wake ndo walivuta miguu.

Kilichobaki ni programu zinazotaka glibc, laibrari ya msingi ya Linux, mpya kuliko 2.17, hiyo Spack haikusaidii, ni ya mfumo. Hao nawapatia Apptainer, ya kuendesha kontena, wanakuja na kontena yao yenye laibrari zake ndani. CentOS 7 iliachwa 30 Juni 2024, so tunahamia Rocky 9, Linux mpya zaidi, nodi kwa nodi, na huko mti wa Spack najenga upya kutoka sufuri, sikopi huu.